Likizo Bila Kusindikizwa

Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga mtaani Umoja, Nairobi, sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kupanda ndege bila kwenda kusoma, kutibiwa wala kuolewa. Tulikwenda kutembea. Nasema waziwazi, kwa sababu miaka hiyo ya tisini kuna watu walionitazama kama mtu aliyekaanga mbegu za kupanda, na mimi sikuona aibu wakati ule wala sioni sasa. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu na watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka saba, wa kati mitano, na kitinda mimba alikuwa bado hajatimiza miwili. Umri wa huyo mdogo ndio uliotupangia safari nzima.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Kwa miaka kumi alikuwa akiwapeleka watu kuona simba na tembo, lakini akirudi nyumbani hakutuletea habari za simba. "Simba ni walewale," alizoea kusema. "Watu ndio hubadilika." Alituletea habari za familia: baba, mama na watoto wadogo waliotoka mbali, wakakaa wiki mbili, kisha wakarudi kwao na Jumatatu wakaingia kazini. Jambo hilo lilimkera. Alikuwa akikaa kwenye kochi na soksi zake za safari, vumbi hata halijatoka masikioni, akiuliza mtoto wa miaka mitatu atakumbuka nini kuhusu twiga. Halafu siku moja akabadilisha swali. "Mama watoto," akaniambia, "hivi sisi kazi yetu ni kuwapeleka wengine tu?"

Mimi si mtu wa kuulizwa swali la aina hiyo mara mbili. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini, na kutwa nzima nilikuwa nikichapa barua za ruhusa za watu wengine. Nikamwambia alete kalamu.

Ulaya hatukuitaka. Kuna baridi, kuna viza, na kuna kuulizwa maswali kama mwizi wa kuku. Tulichagua Shelisheli. Mkenya hakuhitaji viza ya kwenda huko, ndege ilichukua saa tatu hivi, na kampuni ya mume wangu iliweza kutupatia tikiti kwa bei wanayopeana watu wa kazi hiyo. Kuna waliosema baadaye kwamba hiyo si ng'ambo kamili. Mimi niliwauliza kama bahari ilivukwa au haikuvukwa.

Kuhusu bajeti, mume wangu alikuwa profesa, ingawa shule aliishia darasa la saba. Alikuwa amewaona watalii wengi wakiishiwa na pesa siku ya nne, na alijua ni kwa nini. "Mtu mwenye watoto haishiwi kwa sababu ya hoteli," akasema. "Huishiwa kwa sababu ya kiu." Mtoto husikia kiu mahali ambapo soda ni ghali kuliko kwingine kote, na mzazi hununua ili kelele ziishe. Basi kitu cha kwanza kuandikwa katika bajeti yetu kilikuwa chupa tatu za maji zenye kamba za kuning'iniza shingoni. Cha pili, tungekaa mahali pamoja tu. Ukihamahama na watoto, alisema, unalipa gari, halafu unalipa kilio. Cha tatu, lazima chumba kiwe na jiko. Tulimwandikia mama mmoja wa huko aliyekodisha vyumba nyuma ya nyumba yake, anwani yake tukaitoa katika kitabu cha kuwaongoza watalii ambacho mtalii mmoja alikisahau ndani ya gari.

Jiko hilo ndilo lililokuwa sehemu yangu. Nilipoambiwa bei ya sahani ya chakula huko, nilicheka, nikaenda kununua unga. Tulipanga pakiti tano za unga wa mahindi, ndengu, majani ya chai, na kunde za majani nilizozianika mwenyewe juu ya paa la ploti. Jirani wa chini aliniuliza naanika za nini zote hizo, nikamwambia bei ya mboga imepanda. Huo haukuwa uongo, maana bei ya mboga hupanda kila siku.

Sasa umri wa yule mdogo. Mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka miwili alilipiwa fungu la kumi la nauli, kama sadaka ya kanisani, mradi akae mapajani. Akishatimiza, analipiwa karibu sawa na mtu mzima. Wetu angetimiza mwezi wa tisa. Likizo ya shule ilikuwa mwezi wa nane. Kwa hiyo ilikuwa mwezi wa nane mwaka ule au tusahau. Nilibadilishana zamu katika chama chetu cha akina mama ili mchango unifikie mwezi wa saba badala ya Desemba. Mume wangu alikuwa akiweka dola za bakshishi katika kopo la mafuta ya kupikia juu ya kabati. Nywele nilisukwa na dada wa kanisani bila malipo, na kwa miezi minane hatukujua ladha ya nyama siku isiyo Jumapili. Sikuteseka. Mtu anayejua anachokitaka hateseki, hata kama tumbo linanguruma.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yananyooka. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama yangu.

Mama aliishi katika mtaa uitwao Tena, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwetu, katika chumba kimoja alichokijaza na cherehani yake na sare za shule za watoto wa watu. Alikuja kwetu karibu kila jioni. Watoto wangu walimwita shosho, kama watoto wote wa mtaa walivyowaita nyanya zao, na yule mdogo alianza kutembea akimfuata yeye.

Lazima nieleze jambo la kaka yangu, maana bila yeye hamtamwelewa mama. Kaka ndiye kifungua mimba. Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na akasindikizwa kama ilivyokuwa desturi yetu. Mbuzi alichinjwa, basi likakodishwa, kwaya ikaimba ndani ya basi mpaka uwanja wa ndege, mchungaji akaomba, wazee wakasema, na mama akavaa gauni jipya alilolishona kwa wiki mbili. Tulisimama kwenye roshani ya kupungia mikono, mtaa mzima, tukipungia kila ndege kwa kuwa hatukujua yake ni ipi. "Miaka minne, mama, halafu narudi," ndivyo alivyosema. Zilikuja barua, kisha kadi za Krismasi, kisha picha moja ya nyumba yenye theluji. Hakufa. Yuko, ana mke na watoto, na siku moja alipiga simu kwenye duka la jirani. Ila hakurudi. Watu wa mtaa walimuuliza mama kwa miaka kadhaa, "Kijana atarudi lini?" halafu wakaacha kuuliza na kuanza kujijibu wenyewe. Mama hakusema kitu.

Basi siku ya kumwambia ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilimwekea chai na maandazi nikamwambia.

"Mnakwenda kufanya nini?" akauliza.

"Kutembea, mama."

"Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu. Kuna bahari."

"Bahari si iko Mombasa?"

Mume wangu akacheka. Mama hakucheka. Aliweka kikombe chini, akamtazama mdogo aliyekuwa amelala kwenye kochi na andazi mkononi.

"Na hawa watoto?"

"Tunakwenda nao. Wote wameandikwa katika pasi yangu."

"Wote?"

"Wote, mama."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Niachieni huyu mdogo."

Nilidhani anatusaidia mzigo. Nikaanza kumshukuru, nikamwambia asijali, huyu halipiwi karibu chochote. Akanikatiza. "Sisemi nauli. Niachieni huyu ili mrudi."

Nilimwambia mama maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake. Nilimwambia mimi si kaka. Nilimwambia nina kazi, nina nyumba, nina tikiti ya kurudi yenye tarehe. Akaniambia kaka naye alikuwa na tikiti. Akafunga leso yake, akasimama, na mume wangu akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, "Mama, tutaongea, usiende hivyo." Akaenda hivyo.

Aliporudi ndani, yule bwana wangu akakaa, akakuna kidevu, akafanya kosa. "Lakini ukiangalia kwa hesabu tu," akasema, "tukimwacha mdogo tunapunguza nepi, tunapunguza begi, na tunapata mikono miwili zaidi. Wiki mbili si nyingi. Na mama atatulia."

"Mtoto wangu si kitambulisho cha kuachiwa askari wa geti," nikamwambia.

Hakuirudia kauli hiyo. Tuliishi pamoja miaka mingi baadaye na hakuirudia.

Wiki mbili zilipita mama hajakanyaga kwetu. Nilikwenda Tena mara tatu. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akazungumza habari za vitambaa na vifungo, na kila nilipotaja safari alianza kukanyaga cherehani. Iliniuma. Mimi ni mtu wa maneno, nikikasirika naongea mpaka yaishe, lakini mama alikuwa wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza hana pa kumshika. Hata hivyo sikubadili nia. Nilijua kwamba nikimwachia mtoto, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mtu asiyerudi.

Ndipo likaja suala la kusindikizwa. Mume wangu aliketi na kalamu akagundua kwamba tumeandika kila kitu, hata plasta za vidonda na pipi za kutafuna masikio yakiziba, lakini hatukuandika mbuzi. Hatukuandika basi, wala soda za kwaya, wala mchele. Tukaandika, tukajumlisha, na ilionekana kwamba kuagwa kungekula nauli ya mtoto wa kati. "Basi hatuagwi," akasema.

Nilikubali upesi kuliko alivyotarajia. Sababu yangu haikuwa pesa. Nilikuwa nimeona mtu akiagwa kwa mbuzi na kwaya, na nilikuwa nimeona matokeo yake. Nilitaka kuondoka kama mtu anayekwenda sokoni. Kwa hiyo tulikata shauri kwamba hatumwambii mtu zaidi ya mama na wakubwa wetu wa kazi. Hatukuona kwamba ni kosa. Mtaani kwetu mtu aliyeagwa huwa amekwenda, lakini mtu asiyeagwa huwa ametoroka, na mimi niliyezaliwa na kulelewa hapo hapo nilipaswa kulijua hilo.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda Tena na mdogo mgongoni. Nilimweleza mama kwamba hakutakuwa na sherehe.

"Bila kusindikizwa?" Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Hivyo ndivyo wezi huondoka."

"Mama, mtu anayekwenda sokoni husindikizwa?"

"Huyo hana sanduku."

Nilichukua ufunguo wa nyumba yetu nikauweka juu ya cherehani. Nikamwambia tunarudi Jumapili ya tatu ya mwezi, mchana, na kodi ya mwezi mzima imelipwa, na kwamba angenisaidia sana kama angepita kufungua madirisha. Aliuangalia ule ufunguo. Alimchukua mtoto, akamrekebisha kola, akanirudishia. Hakusema sawa wala hakusema hapana.

Asubuhi ya safari teksi ilifika kukiwa kumepambazuka vizuri. Jirani wa chini alikuwa bombani akipiga mswaki. Aliona masanduku mawili, akaona mume wangu amevaa koti, na kabla sijafungua mdomo mwanangu wa kati akampigia kelele, "Sisi tunapanda ndege!" Nikasema, "Tunatembea kidogo tu." Yule mama alitema povu, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Haya, Mungu awatangulie." Namna alivyosema ilipaswa kunishtua, lakini nilikuwa nahesabu mabegi.

Sitawachosha na habari za bahari. Nitasema tu kwamba bajeti yetu ilisimama imara. Chupa za maji zilifanya kazi yake. Watoto walikula ugali na samaki aliyetoka majini asubuhi hiyohiyo, na mama mwenye nyumba alionja zile kunde zangu akaomba nyingine. Mdogo alikula mchanga kila siku na hakuumwa hata siku moja. Mume wangu ndiye aliyepata shida. Siku tatu za kwanza aliamka alfajiri akatoka nje kutafuta gari la kuosha, halafu akakumbuka, akarudi kitandani akicheka peke yake. Tulipopanda basi la kisiwa kile alikaa nyuma ya dereva akimsahihisha kwa kukanyaga klachi na breki zisizokuwepo. Siku ya nne akaacha. Alijilaza chini ya mti, mwanawe wa kwanza akamfukia mchangani mpaka kifuani, akalala usingizi. Nilimtazama nikasema moyoni kwamba hata tukirudi na kula sukuma wiki mwaka mzima, hii haidaiwi na mtu.

Siku ya kumi alikuja bwana mmoja jamaa ya mwenye nyumba wetu. Alikuwa na magari matano ya kubeba wageni. Tulikaa barazani, yeye na mume wangu wakazungumza mambo ya injini kwa Kiingereza cha kuokoteza, na baada ya glasi ya pili ya juisi akasema anahitaji dereva anayejua watalii. Akataja mshahara. Ulikuwa mara nne ya ule wa Nairobi. Akasema nyuma ya gereji kuna nyumba ya vyumba viwili, shule iko karibu, na makaratasi angeyashughulikia yeye. Alisema yote hayo kwa upole, kama mtu anayekukaribisha kuongeza sukari.

Mume wangu alinitazama. Ningependa kuandika kwamba nilisema hapana papo hapo. Sikusema. Nilisema, "Tutafikiria." Mchana ule wote nilifikiria. Niliosha vyombo, akilini nikiwa tayari nimeweka mapazia katika ile nyumba ya nyuma ya gereji. Nilimvalisha mkubwa sare ya shule ya huko. Nilijiambia kwamba tungemwita mama baadaye, mambo yakitulia, na kwamba ni kwa muda tu, labda miaka miwili. Niliposikia hiyo "miaka miwili" kichwani mwangu, niliketi chini sakafuni na sahani mkononi. Kwa miaka yote nilikuwa nimemhukumu kaka kama mtu aliyepanga kutuacha. Kumbe pengine hakupanga kitu. Pengine aliulizwa tu, mchana mmoja kama huu, na mtu mwenye upole.

Nilimwendea mume wangu. "Mwambie hapana," nikasema, "na umwambie leo." Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, na ndiyo maana nasema leo. Akaenda. Aliporudi hakunilaumu, ingawa jioni hiyo hakula vizuri.

Tulirudi Jumapili tuliyosema. Ndege ilichelewa kwa saa mbili, na teksi ilitushusha mbele ya ploti jua likiwa limeshaanza kuinama. Mtu wa kwanza kutuona alikuwa keateka, bwana wa makamo aliyewekwa na mwenye ploti kukusanya kodi na kuonyesha nyumba, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alisimama mlangoni kama ameona maiti zinatembea.

"Mathe!" akasema. "Si mliishia majuu, ng'ambo huko?"

"Tulienda likizo. Tumerudi."

"Likizo?" Akageuka kumtazama mume wangu, labda yeye angesema ukweli. "Buda, wasee wote hapa walisema mmehepa. Hamkuaga mtu, mkabeba masuitcase na watoi wote. Mtu wa majuu harudi, hiyo inajulikana. Mimi nikasema keja itabaki empty mwisho wa mwezi, nikaanza kuleta watu waione."

Nikamsogelea. "Umempa mtu nyumba yangu?"

"Ningempa aje? Shosho alikataa kabisa!" Akashika kichwa. "Huyo mathe wako ni noma. Siku ya pili tu baada ya nyinyi kuishia, akakuja na cherehani kwa mkokoteni. Amelala hapo hadi leo. Nilileta watu mara tatu. Kuna bibi na bwana walikuja hadi na futi ya kupima dirisha. Shosho akawaambia, 'Hii nyumba ina wenyewe. Wanarudi Jumapili ya tatu.' Jirani wako wa chini akapanda kuuliza kama hiyo kabati ya vyombo inauzwa. Akaambiwa, 'Njoo Jumapili umuulize mwenyewe.' Ploti nzima ilikuwa inacheka. Mimi nikamwambia, shosho, usijisumbue, wameenda. Akasema wasipokuja Jumapili, Jumatatu ananiletea ufunguo na mkono wake."

Nilipanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani karibu na dirisha, sare ya buluu imemwagika mapajani, na nyumba imefagiliwa mpaka chini ya kochi. Watoto walinipita mbio wakamvamia, wote watatu, wakisema kwa pamoja habari za ndege na samaki na mchanga. Hakusimama. Alimshika mkubwa kichwani, akamshika wa kati kichwani, akambeba mdogo na kumnusa shingoni kwa muda mrefu.

"Mmechelewa," akaniambia. "Ulisema mchana."

"Ndege ndiyo iliyochelewa, mama."

"Na huyu amekonda."

Hakuwa amekonda. Mume wangu alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, baba," kisha mume wangu akatoka kwenda kushughulika na masanduku yasiyohitaji kushughulikiwa. Nilipiga magoti karibu na cherehani.

"Keateka ameniambia," nikasema. "Kwamba uliwaambia watu wote tutarudi."

"Niliwaambia."

"Sasa ulijuaje?"

Alimpangusa mdogo mchanga ambao haukuwepo tena. "Sikujua," akasema. "Wala sikuamini, mwanangu. Hata leo asubuhi sikuamini. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu kwa ajili ya Jumatatu." Akamfunga mdogo kifungo cha shati. "Lakini kwa kaka yako, watu walisema hatarudi, mimi nikanyamaza. Walisema mpaka ikawa. Safari hii nikaona afadhali niseme mimi kwanza."

Nilikilaza kichwa changu mapajani pake, juu ya ile sare ya mtoto wa watu, nikalia mbele ya watoto wangu bila haya. Aliuacha mkono wake juu ya mgongo wangu. Aliniuliza kama huko tulikokwenda kulikuwa kuzuri, nikamwambia kulikuwa kuzuri sana. Aliniuliza kama watu wake ni wakarimu, nikamwambia ni wakarimu. Habari za yule bwana mwenye magari matano sikumwambia, na mama alikufa bila kuzijua.